Mada ndiyo ikuchagulie njia ya kufundishia

Walimu wenzangu, semina nyingi hutuambia kwamba darasani wapo wanafunzi wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kushika kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia aipendayo. Mgawanyo huo wa makundi manne ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand miaka ya 1990. Mimi nafundisha Jiografia sekondari, na nakushauri usipangie somo lako hapo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walipitia tafiti za jambo hili, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfuata mwanafunzi kwa mtindo wake kunamfaulisha zaidi.

Itazame mada kwanza. Pepo za kaskazi na kusi nazifundisha kwa masimulizi ya majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi, na darasa zima linaelewa. Kontua hazitaki masimulizi. Watoto watakariri kwamba ni mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, kisha uwape ramani washindwe kuonyesha kilima kiko wapi. Hapo nachukua kiazi mviringo kikubwa, nakikata nusu kwa urefu na kukilaza kwenye beseni. Namimina maji ya nusu sentimita, na mwanafunzi anakwaruza kwa ncha ya msumari pale maji yalipogusa, maana wino haushiki kwenye kiazi kibichi. Tunaongeza nusu sentimita nyingine, anakwaruza tena, hadi kileleni. Wanakitazama kutoka juu na kuchora wanachokiona: upande wenye mteremko mkali mistari imebanana, upande wa taratibu imeachana. Hata anayesema yeye ni wa kusikiliza anakihitaji kiazi hiki.

Ukiwauliza wanapenda nini, wengi watakwambia uandike notisi ubaoni wanakili. Usiwalaumu. Hapa Tanzania wengi wao wamesoma msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wanakutana na masomo kwa Kiingereza. Kunakili kunawaficha. Mtoto aliyenyamaza nyuma usimwandike kuwa ni "wa kuandika" kabla hujajua kama anacho Kiingereza cha kuulizia swali. Mwache alieleze jambo kwa Kiswahili na jirani yake kwanza, ndipo mlijenge pamoja kwa Kiingereza. Nimewasikia waliokuwa kimya muhula mzima wakibishana kuhusu mmomonyoko wa udongo.

Mwenye uoni hafifu au asiyesikia vizuri ni suala jingine kabisa. Huyo ana hitaji, na ni haki yake utengeneze zana za kumfaa.

Jambo la mwisho wanafunzi hawalipendi, nami silipunguzi. Dakika tano kabla ya kengele, madaftari yafungwe, kila mtu aandike anachokumbuka bila kuchungulia. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma walijiamini zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Wataguna. Wape siku chache, kisha uwaulize tena yale yale, na aliyekosea umrudishe kwenye kiazi.