Goma hakuna barafu, antijeli ya nini?

SWALI: Fundi, nina Toyota Corolla ya 1998. Maji ya radiateri yamekuwa na rangi ya kutu, nataka kuyamwaga mwenyewe hapa nyumbani Katindo. Jirani yangu anasema nirudishie maji ya bomba tu bila antijeli, ile dawa inayochanganywa na maji ya radiateri, kwa kuwa Goma hakuna barafu, na termostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende radiateri mpaka motere ipate moto, niitupe. Ni kweli?

JIBU: Kumwaga si kazi kubwa, ndugu yangu. Subiri motere ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya radiateri bila kukitoa. Tega beseni, fungua bushoni (kifuniko) ya juu, kisha legeza kile kibushoni cha plastiki kilicho chini. Tumia vidole, ukitumia koleo kitavunjika. Mengine hubaki ndani ya motere, kwa hiyo jaza maji safi, washa mpaka ipate moto, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi.

Sasa huyo jirani. Jina la antijeli ndilo limetuponza, watu wanadhani ni dawa ya baridi ya Ulaya. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na sufuria yako inachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Motere inafanya kazi papo hapo karibu na 90! Kinachotuokoa ni bushoni inayobana presha, pamoja na hiyo antijeli, ambayo huchelewesha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya bomba letu yanatoka ziwani; tazama ukoko mweupe ndani ya birika la mama, ndio unaoganda kwenye mirija ya radiateri. Juzi nimefungua pompi ya maji ya teksi moja iliyolishwa maji matupu: kigurudumu cha ndani kimeliwa, yamebaki visiki kama meno ya mzee. Changanya nusu antijeli, nusu maji yaliyosafishwa kama ya batri. Maji ya batri, si asidi yake.

Termostati nayo! Wakiitoa, mshale wa joto unashuka, mwenye gari anafurahi na fundi analipwa. Motere inabaki baridi, inakula esansi, na ugonjwa wenyewe, feni au radiateri iliyoziba, umefichwa tu. Utaonekana siku ukipanda mlima wa kwenda Masisi umebeba watu sita. Wengine watakuletea yai bichi la kuziba tundu. Yai linaziba kweli, linaziba hata mirija mizima. Mtu akija na yai, mwambie akalikaange.

Ulichomwaga usikiache juu ya mawe ya volkano uani. Ni kitamu na ni sumu. Mbwa hukilamba, mtoto pia. Kitie kwenye chombo chenye kifuniko, na kisiwe bidoni ya njano kama zile za kuchotea maji.