Fristaili ingekuwaje bila kamera?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo kidato cha tatu, kila jioni napiga danadana nyuma ya nyumba na kujirekodi, sasa mzee wangu anasema huo sio mpira ni mazingaombwe ya kwenye simu. Hivi kusingekuwa na YouTube hii fristaili, kuonesha ufundi na mpira bila mechi, ingekuwepo kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ingekuwepo, ila nadhani ungekuwa mchezo wa kuhesabu. Cheki Brazil 1995, YouTube haijazaliwa, dada mmoja mcheza mpira, Milene Domingues, alipiga danadana masaa 9 na ushee, akagusa mpira zaidi ya mara 55,000 bila kuudondosha, na hapo hakuna jaji wa kukwambia staili yako imepoa, pumzi yako tu na miguu yako.

Kilichopindua meza ni matangazo. 2005 YouTube inaanza, mwaka huohuo Ronaldinho anatokea kwenye tangazo la viatu vya Nike anagongesha mpira mtambaa panya (mwamba wa juu wa goli), unamrudia, anagongesha tena, na tena, haugusi chini (ile walichezea kwenye kompyuta bana, tusidanganyane). Sasa klipu fupi vile nani atakaa kuhesabu elfu? Ikabidi vijana wafanye vigumu vingi ndani ya sekunde chache, kuzungusha mguu juu ya mpira mara mbili, kulaza mpira shingoni, kukaa chini huku unapiga. Hata Red Bull Street Style, mashindano ya fristaili ambayo fainali yake ya kwanza ya dunia ilikuwa São Paulo 2008 na Mfaransa Séan Garnier akabeba, imekaa kiklipu klipu, watu wawili, mpira mmoja, dakika 3, mnapokezana kila sekunde 30 kama wacheza breki dansi.

Ila mi ninayoipenda zaidi ni njia ambayo haikufuatwa. Myanmar, kule Asia, kuna chinlone, mchezo wa siku nyingi sana, mpira umesukwa kwa henzerani, watu sita kwenye duara, mmoja anaingia kati kuonesha ufundi na wenzake wanampasia vizuri ili ang'are, hakuna goli wala mpinzani. Fristaili ingechukua ramani ile, leo ungekuwa unahangaika kutafuta wenzako watano na sio chaji ya simu.

Na mzee muulize basi, enzi zake alikuwa anafikisha ngapi?