Usifunge mgahawa kusubiri bei zitulie

Pole dada, umeuliza kama ufunge mgahawa kwanza mpaka bei ya petroli na mafuta ya kupikia itulie. Mi nasema usifunge. Petroli EWURA, ile mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti huduma za nishati na maji, wanatangaza bei kikomo, yani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hapo huna la kufanya, we ijue tu hiyo siku ili upige hesabu za usafiri mapema. Kilicho mkononi mwako ni daftari la madeni na hapo ndo wengi wanaumia, yani mtu anakula mwezi mzima kwa mkopo anakuja kulipa bei ile ile wakati we sokoni kila siku unanunua kwa bei mpya, sasa mtaji utabaki kweli? Weka kikomo cha deni, waambie wateja kwa upole, walio wako watabaki. Halafu angalia chakula kinachomwagwa jioni, kama ni wali pika sufuria ndogo mara mbili badala ya moja kubwa. Na hela ya mgahawa usiichanganye na ya nyumbani jamani, tafuta laini nyingine ya kupokelea malipo ya wateja tu.