Jelule niliyoimeza kitandani

Mwaka jana, mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi linapowaka na mvua bado haijashika, kifua kilinibana vibaya. Dokta alinipima, akaniuliza kama nina mimba, kisha akaniandikia antibiotiki ya doksisiklini: miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 7. Kwenye famasi nilipewa jelule (kapsuli) 14 ndani ya kimfuko. Hakuna aliyenieleza namna ya kuzimeza, nami sikuuliza.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani nimechoka sana. Nikakaa kitandani, nikaimeza jelule ya jioni kwa funda moja la maji, nikalala palepale. Saa nane za usiku niliamka kama vile kaa la moto limekwama katikati ya kifua. Hata mate yalipita kwa uchungu. Nilidhani ni moyo.

Kulipokucha dokta aliniuliza swali moja tu: "Mama, ile dawa uliimeza na maji kiasi gani?"

Kumbe doksisiklini ina asidi. Ikisindikizwa na maji kidogo hukwama kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ukishalala haina pa kwenda: inayeyukia hapohapo na kuunguza nyama laini. Alinisimamisha dawa hiyo, akanipa nyingine. Kwa karibu wiki nzima nilikunywa uji uliopoa, maana bukari (ugali) ulinishinda kumeza.

Kwa hiyo nawaomba, tena sana: glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima au umesimama, na usilale kabla nusu saa haijapita. Mimi ningengoja saa nzima. Ya jioni imeze pamoja na chakula, usiingoje saa ya kulala. Chakula hupunguza pia kichefuchefu. Maziwa yaache kando, kwa sababu kalsiamu yake hushikana na dawa isiingie vizuri mwilini. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma na dawa za kiungulia hufanya hivyo hivyo, hata zaidi, basi muulize dokta uviachanishe kwa saa ngapi. Na jua la mwezi wa kumi! Dawa hii huifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo vaa mikono mirefu, chukua mwavuli.

Kwenye soko la Kenya, komini mojawapo ya hapa Lubumbashi, utaona jelule zimepangwa kwenye sinia, juani kutwa. Usinunue. Dawa za ukoo huu wa tetrasiklini zilizoharibika kwa kupitwa na wakati zimewahi kudhuru figo za watu.

Mimi nilibakiwa na jelule 8. Mama jirani akaja kuniomba, binti yake anakohoa, na ana mimba ya miezi mitano. Nilimkatalia. Doksisiklini inaweza kuingia kwenye mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na kwa watoto wadogo wa chini ya miaka 8 inaweza kuyabadilisha meno rangi. Tena hatukujua kama kikohozi kile kilitokana na bakteria; mafua ya virusi hayasikii antibiotiki hata moja. Alinuna, nikaumia, lakini kesho yake tulimpeleka binti kupimwa, sote watatu. Njiani nilipita famasi nikawaachia zile 8 waziteketeze.