Dripu zinaisha na barabara imefungwa: nani apewe?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, Kivu ya Kaskazini. Waliokimbia vita wamejaa shuleni na kanisani, na kipindupindu kimeingia. Barabara imefungwa, nimebakiwa na katoni mbili za dripu. Nimpe nani, nimnyime nani?

Jibu: Ndugu muuguzi, pole sana na kazi.

Dripu ni ya asiyeweza kunywa na ya aliyekaukiwa kabisa: amelegea, macho yamedidimia, mpigo wa mkono haushikiki. Huyo usimbanie. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji lita 1.5 za Ringa (maji ya dripu) katika nusu saa ya kwanza, kisha lita 3.5 kwa saa mbili na nusu. Akianza kumeza tu, mwanzishie ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari ya pakiti, dripu ikiwa bado inaenda.

Wengine wote ni ORS. Anayetapika asubiri dakika kumi, kisha anyweshwe tena polepole. Aliyepungukiwa maji kiasi anywe mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa nne. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 80 ya wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa ORS peke yake.

Najua ndugu za mgonjwa watalalamika, maana kwao kikombe si dawa. Wasimulie habari za Bangaon, India, mwaka 1971. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katikati ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Wenzake wakapima chumvi, magadi na glukosi, wakachanganya kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wenyewe ndio wakawa wanywishaji. Vifo, vilivyokuwa vimefika hadi 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Hapo kwenu Goma, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa maelfu, na sababu mojawapo ilikuwa ORS kutumika kidogo mno na maji kurudishwa mwilini polepole. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu lilizuilika.

Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu, visirundike. Chumvi isizidi, hasa kwa watoto.

Kila mgonjwa mpe ndugu mmoja, kikombe kimoja na kipande cha mkaa: kila kikombe kikiisha, achore mstari ukutani. Wewe pita kila saa, hesabu mistari, shika mpigo.