Kila Siku Ipewe Kazi na Mwenye Kazi: Tunavyoadhimisha Siku za Mwaka Kwetu South C

Mwaka 2026, Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza Kwaresima, ni tarehe 18 Februari. Wiki hiyohiyo Waislamu wanaanza mfungo wa Ramadhani. Tena 18 Februari ndiyo siku aliyonyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika gereza la Kamiti mwaka 1957, na hadi leo jamaa zake hawajaonyeshwa kaburi lake. Hapa Nairobi majirani watatu wa ghorofa moja wanaweza kuwa na mambo hayo matatu moyoni, kila mmoja lake, wakasalimiana kwenye ngazi na asijue mtu hali ya mwenzake.

Kalenda ya ploti yetu naishika mimi. Upande wa mama yangu ni Waislamu wa Pumwani, upande wa baba ni Wakatoliki, kwa hiyo tangu utotoni nimezoea nyumba yenye Idi na Pasaka. Watu wengi wameniuliza tunafanyaje mpaka siku hizi zinaadhimishwa kweli badala ya kutajwa tu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua siku chache, na kila moja kuipa kazi na mtu wa kuisimamia. Siku ikitangazwa kwenye kundi la WhatsApp peke yake, asubuhi itapata picha za mishumaa na mikono ya dua, na adhuhuri hakuna anayeikumbuka. Lakini ukisema Baba Fulani ndiye atakayewasimulia watoto habari za Mashujaa, siku hiyo ina mwenyewe, na watoto watamgongea mlango hata akijisahau.

Tarehe zisizohama ziandike kwa wino. Zinazohama ziandike kwa penseli. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani na Idi husogea nyuma kila mwaka, na mwisho wa yote ni mwezi kuandama. Diwali nayo hufuata mwezi. Mwaka 2025 iliangukia 20 Oktoba, siku yenyewe ya Mashujaa. Ukishaziona zinagongana mapema, unapata nafasi ya kuongea na watu. Sisi tuliweka masimulizi ya Mashujaa asubuhi, jioni tukawaachia majirani wetu Wahindi uwanja wa kuwasha taa zao, na saa ya fataki ikatangazwa mapema kwa ajili ya wazee na wenye mbwa.

Ramadhani inataka adabu zaidi kuliko sherehe. Usiitishe mkutano wa wakazi saa kumi na mbili na nusu jioni, maana hapo watu wanangoja adhana wafuturu, na baadaye wapo wanaokwenda tarawehe, sala za usiku za Ramadhani. Kama unataka kushiriki, peleka tende au matunda kabla ya magharibi, ukabidhi mlangoni uende zako. Ukikaribishwa ndani, kaa. Idi ya kuchinja ina desturi nzuri ya kugawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini. Anayesambaza sahani ajue tu nyumba ipi haili nyama, aipelekee kitu kingine. Jirani asiyekula nyama akiletewa mbatata za nazi siku ya Idi anajua kwamba kuna mtu alimfikiria yeye hasa, na kwangu hilo lina uzito kuliko salamu zozote.

Mchango wa pesa sipendi kabisa katika mambo haya. Ukishaweka kiwango, yupo atakayefunga mlango siku ya sherehe kwa kuona haya. Kila nyumba ilete ilicho nacho, hata kama ni viti.

Siku ninayoomba sana isipuuzwe ni 7 Agosti. Mwaka 1998 ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu hivi za asubuhi, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Jijini walikufa watu 213, wengi wao Wakenya, na jengo la Ufundi lililokuwa kando likaporomoka. Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mdogo, na watu maofisini wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini. Ndiyo sababu wengi walipofuka kwa vioo.

Jirani yetu mmoja alipoteza jicho siku hiyo. Tukimsindikiza pale kwenye bustani ya kumbukumbu, huenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa majina, akapitisha kidole taratibu hadi kwenye jina la mwenzake wa kazini, kisha akaanza kutuhadithia vile huyo mwenzake alivyokuwa akipenda kuimba. Habari za bomu lenyewe hatumuulizi. Nakuomba na wewe usimuulize manusura akueleze aliona nini. Muulize juu ya mtu aliyempoteza, kisha usikilize. Nenda mapema kabla umati haujawa mkubwa, na watoto wadogo waachwe nyumbani. Aliyekwisha kujua kusoma anaweza kupewa majina kadhaa ayasome kwa sauti.

Sikukuu za taifa zilizotajwa katika katiba ni tatu: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba. Tarehe 10 Oktoba imeitwa Moi, Huduma, Utamaduni, na sasa Mazingira, kwa hiyo sisi tunapanda miti bila kusubiri jina litulie. Mashujaa inafaa kurekodiwa. Ilikuwa Siku ya Kenyatta hadi katiba ya 2010, ikikumbusha usiku wa 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na viongozi, Kenyatta akiwemo, wakakamatwa. Mzee aliyeyasikia hayo kwa wazazi wake awekewe simu mezani, ahojiwe na mjukuu, na sauti ihifadhiwe mahali pawili au zaidi.

Marehemu wa nyumba zenu pia waingie kwenye kalenda. Anayefanya hitma, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, anayeombea wafu misa ya 2 Novemba, anayekwenda kufyeka kaburi Lang'ata au Kariokor, aandike tarehe yake kama akipenda, na mtu mmoja ajitolee kumpikia chai au kumshikia watoto. Asiyetaka asiulizwe sababu.

Kalenda ya mwaka unaofuata tunaiandika siku ya Jamhuri, watu wakiwa hawajaondoka kwenda ushago. Kila mwenye kazi hutia sahihi mbele ya siku yake, na karatasi hubandikwa karibu na mita za stima, ambapo kila mtu hupita.