Naambiwa nifurahi katika Bwana na mume wangu yuko kitandani

SWALI: Shikamoo mama mchungaji. Naishi huku Muyeye, Malindi, nina watoto watatu. Mume wangu alikuwa mpishi kwenye hoteli ya wageni, mwaka jana presha ikampanda akapata kiharusi, upande wote wa kulia umelala, kazi ikaisha. Saa hii mimi ndo kila kitu, mchana namgeuza namuosha namlisha, jioni nakaanga viazi karai hapo njiani tupate unga. Jirani yangu Muislamu ndo anatuletea mahamri na mbaazi asubuhi, wa kanisani wananiletea mistari tu. Juzi kiongozi mmoja wa kina mama akasema mbele ya watu eti uso wangu unaonyesha sina imani, Mkristo anatakiwa afurahi siku zote. Nilicheka nao, nikaenda kulia chooni watoto wasisikie. Na kusema kweli kuna siku nachoka mpaka namchukia mgonjwa mwenyewe, halafu naogopa Mungu. Hiyo furaha iko wapi, ama mimi imenipita? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Huyo kiongozi nitamrudia.

Mstari anaokupigia nao unatoka barua kwa Wafilipi, sura ya 4, "Furahini katika Bwana siku zote". Sasa wewe usiusome peke yake, chukua barua yote, ni fupi, sura nne tu unaimaliza viazi vikichemka. Paulo aliiandika akiwa na minyororo, kesi yake hajui itaisha akiwa hai ama amekufa, na ndani ya barua hiyohiyo ya furaha anawaambia watu jambo fulani "kwa machozi", iko sura ya 3. Sura ya 2 anasimulia habari za Epafrodito, yule aliyetumwa kumletea msaada akaugua karibu kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia yule ndugu ili yeye Paulo asipate "huzuni juu ya huzuni". Umeona? Mtu anayewaambia wenzake wafurahi ana huzuni tayari, anaomba tu isirundikwe nyingine juu yake, na hakuna aliyemwambia uso wake hauna imani.

Halafu kuna ule mstari wa 13 wa sura ya 4 unaobandikwa kwenye vioo vya tuktuk, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Mzuri sana, mimi mwenyewe naupenda, lakini wenye kuubandika huwa wanaishia hapo. Wa 14 unasema "Lakini mlifanya vema, kuishiriki dhiki yangu". Yaani mtume anayeyaweza yote anashukuru kwa kutumiwa msaada, na kama simu zingekuwepo wakati ule basi Wafilipi wangemtumia M-Pesa na yeye angepokea bila kuona haya. Kwa hiyo mahamri ya jirani yako pokea kwa mikono miwili na usijiulize mbona hayakutoka kanisani. Mungu hajawahi kuuliza mtu anaswali wapi kabla ya kumtuma na sinia.

Sasa hiyo furaha ni nini kama si kucheka. Mimi naielewa hivi, ni kujua kwamba hujaachwa, kwamba kiharusi cha mume wako si fimbo ya Mungu juu ya dhambi ya mtu, kwamba huyo Yesu unayemuomba alimlilia Lazaro aliyekufa na alikuwa anajua vizuri kabisa atamfufua. Hiyo inaweza kukaa na machozi chumba kimoja, wala haikutoi kwenye shida, na kuna siku utaisikia na kuna siku hutasikia kitu. Paulo anasema alijifunza kuwa radhi na hali yoyote, hakuzaliwa nayo. Siku ambayo husikii kitu soma Zaburi 88. Wengi hawaipendi maana inalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho na neno lake la mwisho ni giza, hakuna haleluya pale, na bado iko kwenye Biblia, ni sala halali. Isome hata hukohuko chooni.

Kuhusu kumchukia, mwanangu, huo ni uchovu, usiuite chuki. Mtu wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, usiku na mchana, hiyo ni kazi ya watu watatu wanne na wewe unaifanya peke yako halafu unaenda kusimama kwenye karai la mafuta. Unahitaji usingizi kabla ya mahubiri. Uliza hospitali wamfundishe kijana wako mkubwa au shemeji yako namna ya kumgeuza na yale mazoezi ya kunyoosha mkono na mguu. Na kina mama wa kanisa wapange zamu, hata kama ni Jumamosi mchana peke yake wewe ulale. Huyo kiongozi aliyeona uso wako, yeye mpe zamu ya kwanza.

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi kijana wa Kisumu Ndogo, sina kazi muda mrefu sasa. Kuna mtumishi ananiambia nifunge siku nyingi bila kula wala kunywa, eti nikiteseka zaidi Mungu atanifurahia zaidi. Mama yangu tangu yale ya Shakahola hataki hata kusikia neno kufunga. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama yako. Na huyo mtumishi muepuke, sisemi ujadiliane naye, muepuke.

Sisi wa Malindi hatuna haja ya kuelezwa na mtu. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msitu wa Shakahola, na watoto wamo, mochari ya hapa mjini ikajaa, na wengi wao walikuwa wameaminishwa kwamba wakifa njaa watakutana na Yesu. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuambia mateso yenyewe ndo yanampendeza Mungu, hata akikutajia mistari kumi, ondoka. Imani inasema Mungu yuko na wewe ndani ya mateso yakikukuta, haisemi uyatafute.

Kufunga kupo, sikatai. Isaya 58 inaeleza kufunga anakokutaka Mungu, ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, kwa hiyo ukiruka chakula cha mchana na sahani yako ikaenda kwa mtu, huko ndo kufunga. Tena msome Eliya, 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mti akamuomba Mungu afe. Malaika hakumuongezea siku za kufunga, alimwambia "Inuka, ule", akala akalala, akaamshwa akala tena. Na wewe kijana kula, halafu endelea kutafuta kazi.

SWALI: Mama, mimi ni askari wa geti kwenye nyumba ya tajiri mmoja Mkristo, miezi sasa hajanilipa. Nikimdai ananisomea Luka 3 pale Yohana Mbatizaji alipowaambia askari watosheke na mishahara yao. Nifanye nini?

JIBU: Heh! Huyo anajua Biblia kwa kuchagua. Yohana alikuwa anawaambia askari waliokuwa wanadhulumu watu, jibu lake lenyewe linaanza na "Msidhulumu mtu", na tena mtu atatoshekaje na mshahara ambao haujaingia. Msomee naye Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele.

Na usidhani ukidai umepoteza utulivu wako wa kiroho. Paulo na Sila walipigwa wakafungwa kule Filipi, usiku wakaimba, asubuhi wakaambiwa haya tokeni mwende zenu kimyakimya, Paulo akakataa, akasema waliotufunga waje wenyewe watutoe, Matendo 16. Waliimba na wakadai haki yao. Andika kila mwezi ambao hujalipwa, tafuta mwenzako mmoja wa kushuhudia, tunza meseji zote za huyo tajiri, usizifute hata zile za mistari, halafu nenda ofisi ya kazi ufungue malalamiko.